Mkono Unaozuia Maji

Huku Zagayu, tangi likivuja mwezi wa Mei, mvua ikishakata, kosa hilo utalibeba kichwani kwa ndoo mpaka Novemba. Ndiyo maana tangu utoto nimemheshimu fundi mwashi kuliko wajuzi wengi. Vifaa vyake ni vichache: mwiko, patasi, nyundo, brashi, kamba. Ujuzi wenyewe uko kwenye subira.

Mtazame anapotafuta panapovuja. Hakimbilii kupaka. Hujaza maji, huchora alama ya mkaa usawa wa maji, kisha huenda zake. Kesho yake hurudi kuisoma. Maji yakishuka yakasimama, tundu liko usawa huo. Yakiisha yote, ubaya uko sakafuni, au pale ukuta unapokutana na sakafu. Akishaupata ufa, huupanua kwanza. Wenye tangi hushtuka, lakini ufa uliofunikwa bila kufunguliwa hurudi, hasa kwetu huku, ambako udongo mweusi wa mbugani huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukilitikisa tangi kila mwaka. Kisha husafisha vumbi na kulowesha ukuta, kwa kuwa ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu kabla haijashika. Ndipo lipu huja, tabaka jembamba juu ya jembamba, na mwisho niru, anayoisugua mpaka ing'ae.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari, na ndani yake birika la kuogelea lenye pande nane. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta sultani huyo akitawala. Waashi wa enzi ile walichoma matumbawe juu ya lundo la magogo mpaka yakawa chokaa, wakaizima kwa maji, wakaiacha ikae. Nikifikiria kinachofuata, bado nastaajabu: chokaa ikishapakwa huvuta hewa polepole, mwezi baada ya mwezi, na kurudi kuwa jiwe la aina ileile iliyoingia motoni. Hata neno saruji lina asili ya Kiajemi, na tangu zamani, Uajemi na Omani, limetaja mchanganyiko wa chokaa uliozuia maji kwenye mabirika na mifereji, karne nyingi kabla ya saruji ya mfuko.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaorodheshwa miongoni mwa yaliyo hatarini, na mwaka 2014, baada ya kazi ya kuyahifadhi, yakatolewa kwenye orodha hiyo. Katika kazi ya namna hii fundi hupimwa kwa kile anachojizuia kufanya. Saruji ya kiwandani ni ngumu kuliko ukuta wa matumbawe. Ukiuzibia ufa wa kale kwa saruji hiyo, unyevu na chumvi hunaswa nyuma yake, na siku inapobanduka huondoka na jiwe. Chokaa hupumua na kujongea pamoja na ukuta, na nyufa ndogo hujiziba zenyewe maji yanapopita. Kwa hiyo birika la chokaa hutibiwa kwa chokaa, na tangi la saruji kwa saruji. Fundi asiyeuliza kwanza ukuta ulijengwa kwa kitu gani, mimi simpi kazi.

Tangi letu la saruji nalo lina dai lake. Lipu mpya haitaki kukauka haraka. Hutaka kufunikwa magunia na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba au zaidi, la sivyo itapasuka nywele nywele. Jirani yangu, najua maji unayanunua kwa dumu. Lakini ukimkuta fundi siku ya sita akiumwagilia ukuta unaodhani umekwisha, tafadhali, usimkataze.