Kombe la Luza

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 26 Mei 2025, nilikwenda Feri kulipa deni. Jioni iliyotangulia Simba yangu ilikuwa imetoka sare ya 1-1 na RS Berkane kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar, na kwa kuwa tulishafungwa 2-0 kule kwao, Kombe la Shirikisho Afrika likaenda Morocco. Deni langu halikuwa la pesa. Lilikuwa la maneno, na nilikuwa nimelikopa miaka miwili nyuma.

Mjomba wangu ni dalali wa samaki pale sokoni, na ni Yanga wa kuzaliwa. Tarehe 3 Juni 2023 tulikaa bega kwa bega kwenye kibanda umiza kimoja cha Kariakoo, tukiitazama Yanga ikicheza fainali ya kombe hilohilo mjini Algiers. Yanga ilishinda 1-0 na kombe ikalikosa, kwa sababu siku sita kabla USM Alger ilikuwa imeshinda 2-1 hapa Dar es Salaam. Jumla ikawa 2-2, na waarabu wakabeba kwa mabao ya ugenini. Filimbi ya mwisho ilipolia mjomba aliinamisha kichwa. Mimi nikapanda juu ya benchi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Jamani msilie, hilo ni kombe la luza!" Wana Simba wote mle ndani wakaangua kicheko. Mjomba hakusema kitu. Alichukua kofia yake akatoka, na kwa miezi mitatu hakupokea simu yangu.

Kwa hiyo siku ile nilikwenda Feri nikiwa nimejiandaa kusimangwa. Nilimkuta katikati ya duara la wanunuzi, changu na tasi wamemwagwa mbele yake, bei inapanda kwa elfu tanotano. Mama mmoja wa makamo, mkaangaji, alimnyanyua samaki, akafunua shavu lake kwa kidole gumba, akaangalia wekundu wa ndani, akamrudisha bila neno. Mjomba hakubishana naye. Alishusha bei.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekunywa chai?"

Nikasema bado. Akaniagizia chai na chapati mbili, akarudi mnadani. Mzigo ulipokwisha alikuja, akanawa mikono, akakaa karibu yangu. Nikasubiri. Akauliza: "Lile bao la pili kule Berkane. Lilianzia wapi?"

Nilifungua mdomo, nikakuta sina jibu. Ningeweza kumweleza kwa dakika ishirini habari za bao la Mukwala lililokataliwa na VAR, kadi nyekundu ya Kagoma, na mechi kuhamishiwa Zanzibar baada ya CAF kutoridhika na uwanja wa Mkapa. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni tangu usiku. Lakini lile bao la dakika ya 14, lililotuacha nyuma kwa mawili kabla hata robo saa haijaisha, sikujua lilianzia wapi. Nililiona. Sikulitazama.

Msimu mzima nilikuwa nimesikiliza vipindi vya michezo, nimesoma kurasa, nimebishana vijiweni kuanzia Msimbazi hadi Jangwani, na sikumbuki nikiulizwa swali la namna ile. Ndiyo maana nataka kuhakiki namna tunavyolisimulia kombe hili, na nianze na neno langu mwenyewe.

"Luza" lina mzizi wa kweli. Kombe la Shirikisho lilizaliwa mwaka 2004, CAF ilipounganisha Kombe la Washindi na lile Kombe la CAF lililoanza 1992. Liko chini ya Ligi ya Mabingwa, na mwaka 2023 bingwa wake alipewa dola milioni 2, wakati wa Ligi ya Mabingwa alipewa milioni 4. Kwa miaka mingi pia lilikuwa likiwapokea walioanguka juu. Yanga ya 2022 iliingia hivyo: ilitolewa na Al Hilal ya Sudan kwenye Ligi ya Mabingwa, ikashuka, ikaitoa Club Africain kwa bao moja la Aziz Ki kulekule Tunis. Mtani alikuwa na haki ya kucheka kidogo.

Ila mtani yule alikuwa mimi, na miaka miwili baadaye Simba iliingia kombe hilohilo si kwa kuanguka kutoka juu, bali kwa kumaliza ya tatu kwenye ligi ya nyumbani. Sikumsikia yeyote Msimbazi akilitaja neno luza. Ghafla lilikuwa "kombe la Afrika". Kombe lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni jezi ya anayelitaja.

Majina ya madaraja yana ujanja huu kila mahali. Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu liliwahi kuandaa kwa miaka mingi mashindano ya dunia ya hoki ya viatu vya magurudumu. Kulikuwa na kundi la juu, na chini yake kundi la pili ambalo Afrika Kusini imewahi kucheza. Hilo la pili liliitwa Divisheni ya Kwanza. Usicheke: hata sisi, mpaka miaka michache iliyopita, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu tuliiita Ligi Daraja la Kwanza. Na kwa kuwa nimetaja hoki, timu yetu ya wanaume ya hoki ya majani ilikwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mtu akisema tulimaliza wa sita duniani hatakuwa amedanganya. Hatakuwa amesema pia kwamba timu zilikuwa sita, wala kwamba India ilitufunga 18-0. Cheo kinasemwa, mechi inafichwa.

Ndivyo tunavyofanya na fainali zetu. Kabla ya mechi, na hasa ikiwa ya mtani, kombe ni la luza. Baada ya kushindwa, na hasa ikiwa yetu, "tumeandika historia". Maneno haya mawili yanaonekana kama maadui, lakini yanafanya kazi moja: yanamruhusu msemaji asiitazame mechi. Nikisema ni kombe la luza, sina haja ya kujua nani alicheza wapi. Nikisema tumeandika historia, sina haja ya kuisoma historia hiyo.

Chukua 1993. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka 0-0 na Stella kulekule Abidjan, ikarudi nyumbani ikiwa na kazi ya kumalizia tu. Ikafungwa 2-0 Uwanja wa Taifa. Nimekua nikisikia habari za fainali ile. Wazee walionisimulia walinieleza umati ulivyokuwa, nani alikuja, jiji lilivyonyamaza usiku ule. Hakuna hata mmoja aliyenieleza mabao yale mawili. Nimerithi huzuni bila kurithi somo.

Sasa tuzifunue mashavu hizi mbili za karibuni.

Tarehe 28 Mei 2023, Uwanja wa Mkapa, Yanga ilikuwa nyuma kwa bao la kipindi cha kwanza. Dakika ya 82 Fiston Mayele akasawazisha, na yeyote aliyekuwa Dar siku ile anajua kelele zile zilifika wapi. Dakika ya 84 USM Alger wakafunga la pili. Dakika mbili. Kijiweni tumelalamikia kanuni ya bao la ugenini, ambayo kweli Ulaya waliifuta mwaka 2021, na tumeusifu ushindi wa Algiers, penalti ya Djuma Shabani na mikono ya Diarra. Sawa. Lakini kama 1-1 ile ingesimama kwa dakika chache zilizobaki, ushindi wa Algiers ungetosha. Najua ni hesabu ya kijiweni, mpira hauendi hivyo kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo inaonyesha mahali pa kutazama, na mahali hapo si Algiers.

Tarehe 17 Mei 2025, Berkane. Bao la kwanza dakika ya 8, la pili dakika ya 14. Dakika sita. Zanzibar tuliongoza kwa bao la Joshua Mutale la mapema, tukabaki kumi, tukaendelea kuongoza mpaka dakika za nyongeza ndipo wakasawazisha. Kwa dakika zaidi ya sabini tulikuwa tukitafuta bao moja tu la kulazimisha penalti, na bao hilo tulilikosa kwa sababu ya zile dakika sita.

Ziweke pamoja. Yanga ilifungwa mara tu baada ya kufunga. Simba ilifungwa mara tu baada ya kufungwa. Moja ilikuwa bado inashangilia, nyingine ilikuwa bado inaugulia, na zote mbili zilipoteza fainali katika dakika zinazofuata bao. Kama kuna ugonjwa wa kuuchunguza kwenye mpira wetu wa ngazi hii, naanza kushuku kwamba uko hapo: hatujui kuishi dakika ya baada ya bao. Na hatuugui uwanjani tu. Mazungumzo yetu yote ya mpira yanaishi ndani ya dakika hiyo, ya shangwe au ya kilio, na mpira umeshaanzishwa upya sisi hatuangalii.

Simba yenyewe ilithibitisha kwamba ugonjwa huu unatibika. Robo fainali ilifungwa 2-0 na Al Masry kule Misri, ikarudi Mkapa ikashinda 2-0, ikapita kwa penalti. Timu iliyofungwa mawili ilitulia, ikajua inachotafuta, ikakipata. Tulivuka. Lakini uliza leo kijiweni walivuka vipi, utajibiwa kwamba ni roho ya mnyama. Mafanikio nayo tunayafunika kwa neno kubwa, yakaoza palepale pamoja na makosa.

Najua nitaambiwa: mpira ni utani, wewe unataka tukae darasani. Sitaki. Utani wa jadi ni fasihi yetu hai, na Kariakoo ndiko ulikokulia. Ila utani mzuri unahitaji jicho. Mtani hodari ni yule anayekumbuka beki wako aliteleza wapi, akakuigizia mtelezo huo mbele ya watu mpaka mwenyewe ucheke. Anakuuma kwa sababu alitazama. "Kombe la luza" ni utani wa mvivu. Ningeweza kuutamka bila kuwasha runinga. Nilipopanda lile benchi sikumtania mjomba kwa mechi aliyoiona. Nilimwambia kwamba alichokilia hakikustahili chozi, na huo si utani tena.

Ngazi ya pili ndiyo ngazi tuliyopo. Fainali mbili ndani ya misimu mitatu zinasema hivyo, kwa heshima na kwa ukweli pamoja. Hapo klabu zetu zinakutana na wapinzani wanaotuzidi kidogo, si sana, na tofauti hiyo ndogo inaweza kuonekana kwa macho: dakika mbili, dakika sita. Nani mwingine atatuonyesha kipimo chetu kwa uwazi huo?

Usiku wa Jumatatu ile niliitafuta mechi ya Berkane kwenye simu, nikaitazama robo saa ya kwanza mara tatu. Mara ya kwanza niliumia. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nilianza kuona watu wamesimama wapi. Jumamosi nilirudi Feri, nikamchorea mjomba kwa kidole kwenye meza yenye maji ya samaki: huyu hapa, huyu pale, mpira ukapita huku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alinikosoa sehemu moja, na alikuwa sahihi.

Kisha nikamuuliza na mimi. "Na lile la dakika ya 84, mjomba? Lilianzia wapi?"

Alinyamaza. Pantoni lilikuwa linajaza abiria wa Kigamboni, watu wakikimbilia geti, na kwa muda alikuwa akiwaangalia wao. Nikadhani nimeharibu tena.

"Lile sijawahi kulirudia," alisema.

"Nilete?"

Alifuta mikono kwenye kitambaa begani, akavuta stuli yake karibu na yangu. "Pole kwa maneno yale ya kibandani," nikasema, wakati simu inatafuta mtandao. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Video ikaanza. Mayele akafunga, uwanja ukalipuka ndani ya kispika kidogo, na mjomba akatabasamu bila kutaka. Kisha wakaanzisha mpira. Sekunde zikaenda. Bao likaingia.

"Rudisha nyuma," akasema. "Kabla hawajaanzisha."