Mstari Mmoja wa fstab

Yaliyo mema ya onyesho la klasta ya nodi mbili kwanza, hayachukui nafasi: STONITH imewashwa na kujaribiwa, na mpangilio wa rasilimali ni sahihi, LVM, mfumo wa faili, IP, kisha hifadhidata. Sasa tuje kwenye fstab, iliyoharibu kila kitu.

Mliotazama onyesho hilo mliuona mstari wenyewe. XFS ya diski ya pamoja iliandikwa kwenye /etc/fstab ya seva zote mbili, bila noauto, na nofail ikabandikwa juu yake. Wakati huohuo Pacemaker, msimamizi wa klasta, ilikabidhiwa diski hiyohiyo kupitia ocf:heartbeat:Filesystem. Mafahali wawili, zizi moja. Eti ni kumrahisishia fundi kuipachika kwa mkono! Na aliyeweka nofail alishahisi kuwa huenda nodi ikawaka bila diski hiyo. Kwa nini basi aliuacha mstari?

Nodi ya pili ikawashwa upya. systemd ikasoma fstab kabla Pacemaker haijaamka, ikaiona diski, ikaipachika, na logi haikulalamika. Nodi ya kwanza bado ilikuwa inaandika. XFS si GFS2 wala OCFS2: haina kufuli la pamoja, na haijui kama kuna kerneli nyingine juu ya diski. Nodi ya pili ilikuta jarida la mabadiliko halijafungwa, ikadhani mashine ilizimika ghafla, ikalirudia jarida hilo juu ya data iliyo hai. Data iliharibika hapo, si baadaye.

Pacemaker ilipoamka ikakuta mfumo wa faili umepachikwa pande mbili. Chaguo-msingi la multiple-active ni stop_start, kwa hiyo ikasimamisha kote na kuanzisha upande mmoja. Hifadhidata ikagoma, na lawama, kama kawaida, zikamwangukia Pacemaker. Nimeshaandika na nitaandika tena: aliyekuja kuzima moto si aliyeuwasha. STONITH nayo ingempiga nani, ilhali nodi zote mbili zilikuwa hai na zinasikilizana?

Wazee wa HP-UX wasingekubali upuuzi huu. Kwenye Serviceguard, klasta yao, kundi la diski liliwekewa alama ya klasta kwa vgchange -c y, likawashwa kwa -a e, na nodi nyingine ikijaribu kuliwasha inakataliwa. Siku hizi tunanakili mwongozo, rangi ya kijani ikiwaka tunapiga makofi.

Dawa ipo na ni ya bure. Mstari ufutwe, noauto haitoshi, maana mkono wa fundi bado utaukuta. LVM-activate ipewe vg_access_mode=system_id, ili nodi isiyomiliki kundi la diski isiweze hata kuliwasha. Anayetumia ext4 awashe MMP, kinga dhidi ya kupachika mara mbili. XFS haina kinga hiyo, sababu nyingine ya kutoichezea. Anayetaka kupachika kwa mkono aiombe klasta kwanza.