Weupe wa Faenza si uvivu



Nimekutana tena na ile kauli kwamba sahani nyeupe za Faenza, Italia, ni kazi ya wachoraji waliochoka. Hivi kweli? Mie naona msemaji kaangalia michoro tu, chombo chenyewe hakukiona.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, mafundi wa Italia walikuwa wakizijaza sahani visa vya kale: miungu, farasi, vita, mpaka ukingoni. Ufundi mkubwa, sikatai. Lakini umbo la sahani halina kazi hapo. Ungechora kisa kile kile kwenye ubao ukautundika ukutani, usipoteze kitu.

Kufika katikati ya karne hiyo, watu wa Faenza, Virgiliotto Calamelli mmoja wao, wakageuza mambo. Waliupaka udongo tabaka nene la kioo cha risasi kilichotiwa bati. Hilo bati ndilo linaloziba, rangi ya udongo isionekane. Halafu wakachora kidogo tu: kitoto chenye mbawa, ngao ya ukoo, mistari miwili mitatu ya buluu na manjano. Basi. Sasa jicho linakwenda kwenye mbavu za bakuli, mikunjo ya ukingo na vivuli vyake. Lawama yangu mimi iko hapa: maumbo mengi yaliigwa kwenye vyombo vya fedha, na mengine yamezidi mapindo, udongo unajifanya fedha.

Lakini uvivu? Weupe hauna pa kujificha. Kitundu kimoja, chembe ya uchafu iliyoangukia tanurini, unaiona kutoka mlangoni. Na wateja hawakuwa wajinga: mwaka 1576 Leonardo Bettisi alimfanyia Albrecht V, mtawala wa Bavaria, seti kubwa ya vyombo hivi.

Jengine linaloniudhi ni kuambiwa weupe huu ulizaliwa Faenza. Jina "fayansi" limetoka huko, sawa. Ila hila ya bati ilikuwa Basra karne ya 9, wafinyanzi wakishindana na kaure za Uchina, kisha ikapitia Hispania ya Waislamu. Na vigae vya bakuli nyeupe za Iraq vimechimbuliwa Manda na Shanga, visiwa vya Lamu. Vilifika huko karne kadhaa kabla ya Calamelli kuzaliwa.

Mwenye picha za vigae hivyo azibandike hapa jamani, tuvilinganishe.