Hesabu ya Sufuria

Saa tisa mchana, kwenye kichochoro kimoja nyuma ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mama lishe analaza sufuria kubwa ya wali na kukwangua ukoko kwa mwiko. Kijana wa mkokoteni kachelewa. Kasimama na sahani yake mkononi, bila haraka, kama mtu anayejua kuwa kawekewa. Maharage yamebaki upawa mmoja. Mchicha ulikwisha zamani. Mpita njia ataona masufuria machafu tu. Anayeijua kazi ataona hesabu iliyotoka sawasawa: hakuna cha kumwaga, wala mteja aliyeondoka na njaa.

Hana friji. Wali unaobaki leo ni kiporo kesho, na watu wa Kariakoo hukijua kiporo kwa pua kabla sahani haijatua mezani. Akipika pungufu nako ni balaa, maana ikifika saa saba wateja wameshahamia kwa jirani, na wengine wakishahama ndiyo basi. Kwa hiyo alfajiri, kabla hata ya kuinjika maharage, lazima awe ameshajua mchana ataulisha umati wa kiasi gani.

Anajuaje? Anatazama mawingu, kwa kuwa mvua kubwa ikinyesha Jangwani hufurika na wengi hawavuki kuja mjini. Anatazama tarehe: mshahara ukitoka watu huagiza nyama, siku zikisogea wanarudi kwenye maharage. Ijumaa ni pilau. Siku ya Simba na Yanga, klabu ambazo zote mbili zina makao humu humu, moja Mtaa wa Msimbazi na nyingine upande wa Jangwani, watu hula mapema na kubishana muda mrefu, benchi halipati nafasi. Lakini swali kubwa ni la kontena. Likishushwa kontena, wapakuzi sita watakula wali wa watu kumi, tena watataka wa kujaza.

Wenyewe wanaitwa pia mama ntilie, jina lililotoka kinywani mwa mteja anayenyoosha sahani: mama, nitilie. "Mama lishe" lilikuja na heshima zake, ila linanukia semina kidogo. Heshima yenyewe haikuja mapema. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwatia wachuuzi wengi wadogo kwenye fungu la wazururaji, na mwanamke mwenye jiko na mabenchi mawili alijifunza kufungasha vyombo haraka kuliko alivyovipanga. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, shilingi 20,000 kimoja. Oktoba 2021 wakaondolewa tena pembeni mwa barabara, pamoja na wamachinga. Walaji walipohamia, masufuria yalifuata.

Kilichomo sahanini nacho kina safari yake. Ramani za wakoloni ziliugawa mji huu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati kwenye maduka, Waafrika Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga. Kariakoo lenyewe ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, cha Vita Kuu ya Kwanza. Mtaa wa wabeba mizigo tangu kubatizwa. Pilau na biriani pwani ilikuwa imeshavizoea. Chapati ilivuka Mnazi Mmoja ikaacha samli njiani, ikanenepa, ikaanza kuchovywa kwenye supu asubuhi na kuliwa na maharage mchana. Sambusa, bajia na kachori zikaifuata. Na msafara haukuwa wa upande mmoja: jikoni kwa Wahindi wa Kisutu na Upanga mhogo uliingia moja kwa moja, na kuku wa nazi wanayemwita kuku paka jina lake la kwanza ni Kiswahili kitupu. Siku hizi anakaa mezani mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, anaagiza sombe, anawekewa kisamvu, na hakuna anayehitaji mkalimani.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, uko kwenye wali. Maji hayapimwi kwa kikombe. Hupimwa kwa jicho, na mchele mpya haunywi maji sawa na wa zamani. Maji yakikaribia kukauka, mama anapunguza makaa chini na kuyahamishia juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia. Moto unashuka taratibu kutoka juu, punje zinaiva bila kugandana, na chini kunajifanya ule ukoko wa rangi ya kahawia ambao wazee huuomba kwa kunong'ona. Hapo mwiko unawekwa kando. Anayefunua kila dakika kuchungulia hajahitimu.

Tatizo ni kwamba gesi haina makaa. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na anayekohoa moshi tangu alfajiri hahitaji kuhubiriwa sababu. Mama wa kichochoroni ana mtungi. Maharage, mchuzi na chai vimehamia huko na hakuna aliyelalamika. Wali kaujaribu kwa moto mdogo na jiwe juu ya mfuniko. Uliiva, ila ukoko ulitoka mweupe, na vijana wakamtania wiki nzima. Jiko moja la mkaa limebaki pembeni kwa ajili hiyo tu.

Kijana wa mkokoteni anamaliza, anasuuza mikono kwa maji ya kopo.

"Kesho mnashusha?" anaulizwa.

"Mawili, mama."

Mama anamwita binti yake kutoka kwenye karai la vyombo, anamkabidhi noti: akaongeze kilo nne za mchele kabla duka halijafungwa.