Mafungu ya Picha katika Lightroom Classic

Programu hii, iliyotolewa na Adobe mara ya kwanza katika mwaka wa 2007 kwa jina la Lightroom, yastahili sifa: picha ya ukurasa wa utenzi yaweza kuwamo katika fungu la mtunzi na la mwandiko pia, bila kunakiliwa, na kuiondoa funguni si kuifuta. Lakini mafungu hayo hukaa katika daftari la programu, wala hayamo ndani ya picha. Daftari likipotea, kazi ya mpangaji hupotea nalo. Orodha ya miswada ya Dar es Salaam aliyoitoa J. W. T. Allen mwaka wa 1970 yasomeka bila mashine yoyote. Basi mtafiti na aliandike jina la kila fungu ndani ya faili lenyewe, kama neno la utambulisho.