Kosa la Northampton

Mistari miwili inayokata uwanja wa mpira wa pete vipande vitatu ni kosa, na tunaendelea kulilipia mpaka leo. Mmeiona hali hii mara nyingi: pasi ya kuingia duarani imekatwa, mpira umesharudi upande wa pili, timu yetu inashambuliwa, na GS wetu, yaani mfungaji, amesimama kwenye mstari mikono kiunoni. Nguvu anazo na mbio anazo, ila akivuka ule mstari filimbi italia. Jukwaani watu wanasema ni mvivu, kumbe anatii kanuni iliyotungwa kabla bibi yake hajazaliwa.

Tuanze na kazi iliyofanywa vizuri. Desemba 1891, katika chuo cha YMCA cha Springfield, Massachusetts, James Naismith alikabidhiwa na mkuu wake, Luther Gulick, darasa la vijana 18 ambao walimu wawili kabla yake walikuwa wameshindwa kulimudu. Akapewa siku 14 abuni mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi. Alijaribu kuingiza ukumbini michezo ya nje, wakaumizana. Hapo ndipo akauliza swali la fundi: rafu inatoka wapi? Akaona watu wanaangushana kwa sababu mwenye mpira anakimbia nao, basi akakataza kukimbia nao. Akaona shuti kali hutokana na goli lililosimama wima ardhini, basi akaliinua futi 10 na kulilaza, ili nguvu isisaidie kitu bila shabaha. Msimamizi wa jengo, Stebbins, akatoa vikapu viwili vya pichi, kanuni 13 zikabandikwa ukutani, wakacheza tisa kwa tisa, na mechi ya kwanza ya mpira wa kikapu ikaisha 1-0. Naismith aliuwekea masharti mpira. Wachezaji wote 18 aliwaacha huru ukumbi mzima.

Sasa njooni Northampton, mji ulio jirani na Springfield. Mwaka 1892 Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha wanawake cha Smith, aliusoma mchezo huo mpya na kuupeleka kwa wanafunzi wake. Uamuzi wa kuuchukua ulikuwa wa kishujaa, maana zama zile msichana kutoka jasho lilikuwa jambo la kuitiwa daktari. Kanuni ya kutoushika mpira zaidi ya sekunde 3 ni yake, ni nzuri, na inaishi hadi leo katika mpira wa pete. Lakini akachukua chaki akaugawa ukumbi mara tatu, akamwambia kila mchezaji abaki kwenye kipande chake. Alihofia wasichana wachoke kupita kiasi, na alihofia wenye vipaji wauteke mchezo wenzao wabaki watazamaji.

Hofu ya pili ilikuwa ya haki, ila dawa yake ndiyo iliyouharibu mchezo. Ukitaka wote waguse mpira, tunga kanuni inayoulazimisha mpira utembee, na sekunde 3 zilikuwa zinaifanya kazi hiyo tayari. Mstari hauutembezi mpira, unamsimamisha mtu. Tena unazaa kile kile alichokihofia, kwa sababu nyota akishawekwa mbele ya goli, wenzake wengi hawana ruhusa ya kumpokea kazi.

Ubaya wa mstari ni kwamba ukishachorwa haufutiki kirahisi. Huko Marekani vipande vitatu vilipungua kuwa viwili mwaka 1938, na wanawake wa vyuo walisubiri hadi 1971 kucheza watano kwa watano uwanja mzima. Wasichana wa shule za Iowa waliendelea na mfumo wa sita kwa sita hadi 1993: watatu wanafunga tu, watatu wanakaba tu, hawavuki nusu. Upande wa Uingereza mchezo uliingia vyuo vya walimu wa kike, ukawa mpira wa pete, ukaandikiwa kanuni mwaka 1901, ukasafiri na walimu hao hadi shule za makoloni. Ndivyo ulivyotufikia, na mistari yake. Katika wachezaji 7 wa timu, watano hawaruhusiwi kufunga muda wote wanapovaa herufi za nafasi zao kifuani. C, mchezaji wa kati, anakimbia karibu uwanja wote, na duarani haingii.

Kuna pia suala la binti mrefu. Mwalimu wa michezo akimwona wa darasa la tano amewazidi wenzake kimo, anamvisha GS au GK (mlinda goli) siku hiyo hiyo, na msichana anamaliza shule akiijua theluthi moja ya mchezo. Kwenye mchezo wa rede, ambao hakuna kamati iliyoutunga, binti huyo huyo anakwepa, anarusha, anadaka, anakuwa kila kitu. Ndiyo maana vijana wanaobuni mchezo mpya wa mpira wasianze na chaki: huyu hapa, yule pale. Waanze na swali la Naismith.

Kama mstari ni lazima, Nico Broekhuysen wa Amsterdam alionyesha njia. Mchezo wake wa kofiboli, wa mwaka 1902, una kanda pia, ila wanaume na wanawake wamo timu moja, na kila baada ya mabao mawili wachezaji wanabadilishana kanda. Aliyekuwa anakaba anakwenda kufunga. Waingereza wenyewe waliliona hilo: High 5, mpira wa pete wa watoto wa miaka 9 hadi 11, uliwazungusha wachezaji katika nafasi zote. Mashindano yetu ya shule za msingi yanaweza kuiga hilo msimu ujao bila kugusa uwanja wala kununua kitu. Mechi ina robo 4; kila robo ikiisha, watoto wavue vizibao vya herufi wabadilishane.