Robo Saa ya Wakulima: Radio 4 Inavyoipanga Siku

Ukiisoma ratiba ya siku moja ya BBC Radio 4, idhaa ya mazungumzo ya taifa la Uingereza, utadhani imepangwa kwa bahati nasibu. Habari za asubuhi zinafuatwa na wasomi wanaobishana juu ya falsafa. Kisha yanakuja mambo ya wanawake, haki za wanunuzi, mchezo wa redio, vichekesho, na baada ya saa sita usiku hali ya bahari. Vipindi hivyo havina undugu. Hata hivyo naona ratiba hiyo ina shabaha moja: kumfikisha msikilizaji kwenye mambo ambayo asingeyatafuta mwenyewe, bila kumpa nafasi ya kuzima redio.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni The Archers, mchezo wa maisha ya wakulima wa Ambridge, kijiji cha kubuni, unaosikika nchi nzima tangu Januari 1951. Ulianza chakula kikiwa bado cha mgao, na Wizara ya Kilimo ilishirikishwa ili ushauri wa ukulima upenyezwe ndani ya visa. (Radio Tanzania ilitumia ujanja huohuo mwaka 1993 katika Twende na Wakati, ambamo vituko vya Mkwaju, dereva wa lori, vilibeba elimu ya UKIMWI.) Mafunzo ya ukulima ya The Archers yamefifia, kilichobaki na nguvu ni mahali pa mchezo katika saa. Jioni, baada ya taarifa ya habari ya saa kumi na mbili, kuna nusu saa ya vichekesho. Saa moja usiku inaingia Ambridge kwa dakika 13 hivi, na saa moja na robo kinaanza Front Row, kipindi cha sanaa. Kesho yake sehemu ileile hurudiwa saa nane mchana, na robo saa baadaye unafuata mchezo mwingine unaojitegemea. Mara zote mbili kipindi kipendwacho kimewekwa mlangoni mwa kipindi kigumu zaidi. Anayengoja kujua nani kagombana na nani shambani anajikuta, mikono ikiwa bado kwenye sinki, anasikiliza uchambuzi wa riwaya ambayo hakuwahi kuisikia.

Mbinu hii haifanyi kazi bila saa zisizoyumba. Taarifa ya hali ya bahari inaonyesha jambo hilo hadi ndani ya sentensi: maeneo 31 ya bahari husomwa kwa mpangilio uleule, kila eneo likianza na upepo, kisha hali ya hewa, kisha umbali wa kuona, na yote hayo yatoshe katika maneno 350 hivi. Mvuvi anajua eneo lake linakuja lini, na asiye na mashua anajua siku imekwisha.

Mtu atasema hayo ni mazoea tu, na watu wangezoea mpangilio wowote. Mwaka 1998 unampa nusu ya haki. Mkuu wa idhaa wakati huo, James Boyle, alipangua ratiba karibu yote. Wasikilizaji wakang'aka, idadi yao ikashuka, kisha ikapanda tena. Lakini tazama alibadilisha nini. Alichunguza watu wako wapi kila saa, jikoni au garini, kisha akazifanya saa za vipindi zifanane zaidi siku hadi siku. Alizihamisha nguzo, hakuzing'oa.

Pingamizi zito zaidi ni la intaneti: siku hizi kila mtu anachagua kipindi kwenye simu, ratiba ya nini? Nadhani In Our Time kinajibu. Mtangazaji Melvyn Bragg alikianzisha mwaka huohuo wa 1998, Alhamisi saa tatu asubuhi, wataalamu wachache na mada moja, iwe mashimo meusi ya angani au Dola ya Uajemi. Saa yenyewe ilidharauliwa, ila ilikuja mara tu baada ya Today, kipindi kikubwa cha habari, na redio zilikuwa tayari zimewashwa. Umaarufu wake mkubwa kwenye podikasti ulikuja baadaye, baada ya jina kujengwa hewani. Simu inampa mtu zaidi ya kile alichokwisha kupenda, lakini kupenda kwenyewe hapa kulianzia kwenye ratiba.

Lawama moja siipunguzi. Idhaa hii inashutumiwa kwamba sauti na adabu zake ni za wasomi wenye nafasi wa kusini mwa Uingereza, na hapo ustadi wa kupanga vipindi hausaidii kitu. Front Row kinaweza kumkamata aliyefuata Ambridge. Kijana wa Bradford, mji wa kaskazini, ambaye hajawahi kufungua Radio 4 hana kipindi cha jirani cha kumvuta.